Jibu Limo Kifunguni: Namna ya Kujizoeza Ufahamu na Hoja kwa Mtihani wa GRE



Nimeombwa nizungumzie mtihani ambao baadhi yenu mmekwisha kulipia na wengine mnaufikiria: GRE, unaotakiwa na idara kadhaa za shahada za uzamili na uzamivu, hasa Marekani. Nitaiacha hesabu na insha, nibaki na sehemu ya lugha, kwa sababu huko ndiko vijana wetu wengi hukata tamaa mapema. Husema, "Kiingereza si lugha yangu, nitashindana vipi?" Kisha hununua orodha ya maneno elfu kadhaa na kuanza kuyakariri kuanzia herufi A.

Ninalotaka kuwaambia jioni hii ni jambo moja. Kinachopimwa zaidi katika sehemu hiyo ni uwezo wa kutenganisha alichosema mwandishi na unachokijua, unachokiamini au unachokitamani wewe. Uwezo huo hujengwa kwa mazoezi ya namna fulani, na mazoezi hayo yanaweza kufanywa na mtu yeyote aliye tayari kujiuliza kila mara: umejuaje?

Mtihani ulivyo

Tuuangalie kwanza mtihani wenyewe, maana hofu nyingi hutokana na kutoujua. Unatungwa na taasisi ya ETS ya jimbo la New Jersey, iliyoanzishwa mwaka 1947. Tangu Septemba 2023 umefupishwa: wote huchukua muda wa saa moja na dakika 58. Sehemu ya lugha ina maswali 27 yaliyogawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lina maswali 12 kwa dakika 18, la pili maswali 15 kwa dakika 23. Ugumu wa fungu la pili hutegemea ulivyofanya katika la kwanza. Alama huanzia 130 hadi 170. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa bila jibu. Ndani ya fungu moja unaweza kuliwekea swali alama, ukaendelea, ukalirudia baadaye.

Maswali ni ya aina tatu. Karibu nusu ni ya ufahamu: unapewa kifungu cha habari, mara nyingi aya moja, mara chache zaidi ya moja, kisha unaulizwa juu yake. Yaliyobaki ni ya kujaza mapengo. Kuna sentensi au aya yenye pengo moja hadi matatu. Ikiwa mapengo ni zaidi ya moja, huna alama mpaka uyapatie yote. Na kuna sentensi yenye pengo moja na maneno sita, nawe unatakiwa kuchagua mawili yatakayoleta sentensi mbili zenye maana ileile.

Ukigawa dakika 41 kwa maswali 27 utapata kama dakika moja na nusu kwa kila swali, pamoja na muda wa kusoma kifungu. Ni muda mfupi. Lakini asiyeweza kupata jibu sahihi kwa dakika kumi hatalipata kwa dakika moja na nusu. Usahihi hutangulia, kasi hufuata. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Kisichopimwa

Kabla ya kuendelea, nataka kuondoa fikra moja inayowaumiza watu: kwamba alama za mtihani huu ni kipimo cha akili.

Mitihani ya udahili ya Marekani ina historia inayopaswa kujulikana. Mtihani wa SAT, wa kuingilia vyuo kwa shahada ya kwanza, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Aliyeongoza utungaji wake alikuwa Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1923, alikuwa amechapisha kitabu kilichodai kwamba watu wa makabila fulani ya Ulaya, pamoja na watu weusi, wana akili pungufu kwa kuzaliwa. Ushahidi wake ulikuwa ni alama za mitihani waliyopewa askari wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1930 Brigham huyohuyo aliandika kwamba kazi yake ile haikuwa na msingi. Sababu mojawapo aliyoitoa inatuhusu sisi moja kwa moja: huwezi kuwalinganisha watu kwa mtihani wa lugha fulani ikiwa hawakupata nafasi sawa ya kujifunza lugha hiyo. Mtu aliyekulia katika nyumba inayozungumza lugha nyingine hapimwi akili hapo. Kinachopimwa kwa sehemu kubwa ni historia yake na lugha ya mtihani.

Kwa miaka mingi SAT ilikuwa na maswali ya ulinganifu wa maneno. Swali moja lililokuja kujulikana sana lilitaka mtahiniwa aone kwamba mkimbiaji ni kwa mbio za marathoni kama mpiga makasia alivyo kwa mashindano ya mashua. Kijana wa Lamu au wa Nungwi ameyaona mashindano ya ngalawa na majahazi tangu utotoni, lakini hangejibu swali lile kama hakuwahi kukutana na neno la Kiingereza linalotumika katika vilabu vya matajiri. Maswali ya namna hiyo yaliondolewa katika SAT mwaka 2005, na GRE ikayaondoa mwaka 2011 pamoja na ya kutafuta kinyume cha neno. Kilichobaki kinategemea zaidi usomaji na hoja. Kwetu sisi hayo ni mabadiliko mazuri, kwa sababu hoja hujifunzwa katika lugha yoyote.

Basi msiingie katika chumba cha mtihani mkidhani mnakwenda kupimwa ubongo. Mnakwenda kuonyesha ustadi fulani, na ustadi hufundishika.

Kifungu kimoja, maswali mawili

Tuufanyie kazi ustadi huo hapa hapa. Nimeandika kifungu kifupi cha Kiswahili chenye umbo la vifungu vya GRE. Kisikilizeni kwa makini.

"Barafu iliyoko kileleni Kibo, katika Mlima Kilimanjaro, imepungua sana tangu ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1912. Wengi hudhani sababu ni moja tu: hewa ya kileleni imepata joto, barafu ikayeyuka. Lakini baadhi ya watafiti wameeleza kwamba hewa ya huko hubaki chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote, na kwamba barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kwanza kuwa maji. Kwa maoni yao, upungufu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi na theluji ya kuilisha barafu ikawa haba. Hawakatai kwamba dunia inapata joto. Wanasema tu kwamba mlima huu si mfano mwepesi wa jambo hilo."

Swali la kwanza: lengo kuu la kifungu ni lipi? (a) Kuthibitisha kwamba dunia haipati joto. (b) Kutoa maelezo mengine ya jambo ambalo wengi hulihusisha na joto peke yake. (c) Kuonya kwamba barafu ya Kibo iko karibu kutoweka. (d) Kulinganisha ramani za zamani na za sasa. (e) Kuonyesha kwamba ukavu ndio sababu pekee ya barafu kupungua.

Jibu ni (b). Lakini kujua jibu ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kueleza kila kipotoshi, yaani chaguo lisilo sahihi, kimekosea wapi, kwa sababu vipotoshi hutungwa kwa mbinu zinazojirudia. Chaguo (a) linakanushwa na sentensi ya mwisho. Chaguo (c) linasema jambo ambalo huenda ni kweli, na ambalo huenda linakuuma kama raia unayeupenda mlima huu, lakini mwandishi hakulisema. Chaguo (d) limeokota neno "ramani" kutoka kwenye kifungu na kulijengea nyumba ambayo haipo. Chaguo (e) ndilo la hatari zaidi: limekaribia sana, kisha likaharibiwa na neno "pekee". Watafiti walitaja ukavu, hawakusema hakuna sababu nyingine.

Mbinu hizo nne zina majina mepesi ya kukumbuka: kinachopingana na kifungu, kweli isiyosemwa, neno lililookotwa, na kauli iliyozidishwa. Mwanafunzi anayejizoeza vizuri hufika mahali ambapo akiona chaguo, huitambua mbinu kabla hajavutwa nalo.

Swali la pili ni la aina inayopendwa sana na watungaji: lipi kati ya haya, kama lingekuwa kweli, lingedhoofisha zaidi hoja ya watafiti? Hapa lazima ujue hoja yao inasimama juu ya nguzo gani. Inasimama juu ya theluji iliyopungua. Basi ingepatikana kumbukumbu ya kuaminika inayoonyesha kwamba theluji iliyoanguka kileleni haikupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, hoja ingetikisika. Lakini habari kwamba barafu ya milima ya Alps inayeyuka kwa joto haiwagusi, kwa sababu wao hawakuzungumzia Alps, na joto la dunia hawakulikataa.

Mmeona kwamba katika maswali yote mawili hatukuhitaji elimu ya milima. Tulihitaji kuwa kama hakimu, ambaye anaweza kuwa amesikia mengi sokoni kuhusu mshtakiwa, lakini anahukumu kwa ushahidi uliotolewa mbele yake.

Hapo ndipo mazoea ya shule zetu yanapotukwaza. Wengi wetu tulifundishwa kujibu maswali ya ufahamu kwa kutafuta neno la swali ndani ya kifungu, kisha kunakili sentensi iliyo nalo. Njia hiyo ilitupatia alama. Katika GRE njia hiyohiyo hukupeleka kwenye kipotoshi, maana mtungaji anajua utafuata maneno. Chaguo sahihi mara nyingi husema jambo la kifungu kwa maneno tofauti kabisa, na chaguo baya hubeba maneno yaleyale ya kifungu.

Pengo hujazwa na sentensi

Mapengo nayo yana siri hiyohiyo. Chukueni sentensi hii: "Ijapokuwa mkurugenzi alisifiwa magazetini kwa ____ wake, waliofanya kazi chini yake walijua kwamba hakuwahi kuamua jambo mpaka wengine walipokwisha kuliamua." Maneno tuliyopewa ni: ukali, uthubutu, ukarimu, usiri, upole.

Anayekimbilia maneno huanza kuyapima moja moja. Ukarimu? Mkurugenzi anaweza kusifiwa kwa ukarimu. Upole? Pia. Kila neno linaonekana kukubalika, na muda unakwisha. Njia iliyo salama ni kuyafunika maneno kwanza na kuiuliza sentensi. Nusu ya pili inatuambia mtu huyu alikuwa mwoga wa kuamua. "Ijapokuwa" inatuambia kwamba nusu ya kwanza inapingana na hiyo. Basi pengo linadai sifa iliyo kinyume cha woga wa kuamua. Sema neno lako mwenyewe: "ujasiri." Sasa funua orodha. Uthubutu ndilo lililo karibu. Mengine yote hayana kinachoyashikilia ndani ya sentensi.

Katika maswali ya kuchagua maneno mawili kuna mitego miwili ya kuangalia. Mmoja ni maneno mawili yenye maana moja ambayo sentensi haiyahitaji. Yamewekwa ili anayetafuta tu visawe anaswe. Mwingine ni neno linalofaa sana lakini halina mwenzake katika orodha. Kinga ni ileile: isikilize sentensi kabla ya orodha.

Je, msamiati hauhitajiki? Unahitajika sana. Lakini ujifunzeni ndani ya sentensi, na muwe makini na maneno mnayodhani mnayajua. Neno "qualify" kila mmoja wetu analijua kwa maana ya kufuzu, ilhali katika vifungu vya GRE mara nyingi lina maana ya kuiwekea kauli mipaka ili isiwe kali mno. Neno la kawaida lenye maana ya pili humpotosha mtahiniwa kuliko neno gumu, kwa sababu halimshtui.

Mazoezi yenye matunda

Sasa nije kwenye mazoezi yenyewe. Nimewafundisha vijana wengi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni kuhesabu maswali yaliyofanywa. Kijana anajivunia kwamba amemaliza vitabu vitatu. Ukimuuliza kwa nini alikosa swali fulani, anasema, "Sikulielewa vizuri." Huyo amefanya maswali mengi na kujifunza machache.

Nawashauri hatua hizi.

Kwanza, anzeni bila saa. Chagueni kifungu kimoja, jibuni, kisha kabla ya kutazama majibu, pigieni mstari maneno ya kifungu yanayothibitisha kila jibu mlilochagua. Kama hakuna pa kupigia mstari, hamjapata jibu. Andikeni pia, kwa sentensi moja, kila chaguo jingine limekosea wapi.

Pili, wekeni daftari la makosa. Kwa kila swali mlilokosa, andikeni kilichowavuta kwenye jibu baya na mahali kifungu kinapolikataa. Kisha taja chanzo: ni neno usilolijua? Ni sentensi ndefu iliyokupoteza katikati? Ulisoma swali vibaya, ukatafuta kinachoimarisha hoja badala ya kinachoidhoofisha? Au ulijibu kwa maoni yako? Kila chanzo kina dawa yake. Asiyejua maneno asome msamiati. Anayepotea katika sentensi ndefu ajifunze kutafuta kiima na kitenzi kikuu kabla ya mengine. Anayejibu kwa maoni yake arudi kwenye zoezi la kupiga mstari. Baada ya wiki chache daftari litaonyesha kwamba makosa yenu mengi yanatoka mlango mmoja au miwili.

Tatu, jipimeni kwa kukumbuka, msisome tena na tena. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Wengine wakavisoma tena, wengine wakatakiwa kuandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliobaki na mengi. Kusoma tena hutupa hisia ya kujua, na hisia hiyo hutudanganya. Basi ukimaliza kifungu, kifunike na useme kwa maneno yako: mwandishi anadai nini, anajibu nani, anatoa ushahidi gani, anakubali nini kwa upande wa pili. Fanyeni hivyo kwa sauti, na mkiweza wawili wawili, mmoja akimuuliza mwenzake, "Umejuaje?"

Nne, saa ije mwishoni. Usahihi ukishatulia, anzeni kufanya mafungu mazima kwa muda wa mtihani. ETS inatoa bure mitihani miwili ya majaribio ya kompyuta iitwayo PowerPrep. Msiimalize siku za mwanzo kwa pupa. Iwekeni kwa wakati mtakaokuwa tayari kujipima. Na pendeleeni maswali ya ETS yenyewe kuliko ya kubahatisha, kwa sababu utungaji wa swali lenye jibu moja tu linaloweza kuthibitishwa ni kazi ngumu. Maswali mabaya yanafundisha kubishana na mtungaji badala ya kukisoma kifungu.

Kusoma kwa upana

Nimesema mtihani hauhitaji elimu ya nje. Hiyo ni kweli kuhusu majibu, lakini kuhusu wepesi wa kusoma lazima niongeze jambo.

Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la saba na la nane nchini Marekani waliosoma habari ya mchezo wa besiboli. Baadhi walikuwa wasomaji hodari, baadhi dhaifu. Katika kila kundi wapo walioujua mchezo na wasioujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa na kuikumbuka habari ile kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kujua jambo hurahisisha kulisoma, kwa sababu akili haitumii nguvu zake kutafuta nani ni nani.

Vifungu vya GRE hutoka katika sayansi ya viumbe na ya mazingira, sayansi ya jamii, historia, sanaa na fasihi. Kijana aliyesoma uhasibu tangu Kidato cha Tano akikutana na mjadala kuhusu jeni au uchoraji huchoka katika sentensi ya pili. Dawa yake ni ya miezi, na ni kusoma nje ya fani yako kila siku, hata kurasa mbili: makala ya sayansi leo, uhakiki wa kitabu kesho, historia ya uchumi siku ifuatayo.

Na msiiache lugha yenu nyuma. Muundo wa hoja, yaani dai, ushahidi, kukubali kwa sehemu na pingamizi, ni uleule katika Kiswahili. Mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, uliopamba moto Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, ni shule nzima ya kufikiri. Someni wanamapokeo waliosema shairi bila vina na mizani si shairi, kisha wanausasa waliowajibu. Jitahidini kueleza hoja ya upande msioupenda mpaka mtu wa upande huo aseme, "Naam, ndivyo ninavyosema." Anayeweza hilo kwa Kiswahili amebakiza kulifanya kwa Kiingereza, na hiyo ni kazi ya msamiati na mazoea.

Hitimisho

Ndugu zangu, vyuo vingi vimeacha kudai GRE, vingine vinaendelea nao. Hakikisheni matakwa ya kila idara kabla ya kulipa ada, ili msitumie fedha na miezi kwa jambo lisilohitajika. Lakini hata ambaye hataufanya mtihani huu hatapoteza kitu kwa mazoezi niliyoyaeleza. Katika shahada ya uzamivu utasoma makala za watu usiokubaliana nao, na kama huwezi kusema kwa haki walichosema, hutaweza kuwajibu. Bungeni, mahakamani, kwenye vyumba vya habari na katika simu zetu, watu wanabebeshwa kila siku maneno ambayo hawakuyasema. Nchi inahitaji wasomaji wanaoweza kusimama na kuuliza ushahidi uko wapi.

Kwa hiyo kesho asubuhi msianze na orodha ya maneno. Anzeni na kifungu kimoja, kalamu mkononi, na swali moja kwa kila jibu: umejuaje?